Kelele ya Nyuma ya Gari la Shefu Kasongo

Ninyi vijana mnaochomeka waya kwenye gari na kusoma ugonjwa wake kwenye simu, sina ugomvi nanyi. Simu ni kitu kizuri. Lakini simu haijawahi kulala chali kwenye tope la Katuba, hapa Lubumbashi, mwezi wa pili, mafuta machafu yakiidondokea jichoni, na mwenye gari amesimama kando anauliza, "Fundi, bado tu?" Mimi nimelala hapo miaka thelathini na ushei, na mgongo wangu ni shahidi. Kwa hiyo nivumilieni niwaambie habari za nyuma ya gari. Mbele ya gari kila mtu anajifanya anajua.

Kazi nilifundishwa na Papa Mwansa, Mubemba mmoja mfupi, katika karakana kubwa ya migodi, enzi zile kampuni ilipokuwa ikitulisha mji mzima: unga, shule, hospitali, mpaka mpira wa Jumapili. Papa Mwansa hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimwambia, "Papa, gari linagonga nyuma kushoto," alikuwa anakwenda moja kwa moja kulia.

"Kelele haina adresi, mutoto," alikuwa akisema. "Inazaliwa fashi moja, inalilia fashi ingine."

Na ni kweli. Bati la gari linabeba sauti kama vile mtaa unavyobeba uvumi. Ikifika kwako, aliyeianzisha yuko mbali, ametulia kabisa.

Jambo la kwanza alilonionyesha ni hili. Simama nyuma ya gari, kandamiza kona moja kwa uzito wako wote, kisha achia. Likipanda, likashuka, likatulia, amotisere ni nzima. Likiendelea kucheza peke yake kama mlevi aliyesikia muziki, amotisere imekufa. Amotisere ni ule mrija wenye mafuta ndani unaosimama karibu na gurudumu. Msiichanganye na resori, ile springi ya chuma. Resori inabeba mzigo, amotisere inaituliza resori. Nimeona watu wazima wenye suti na kravati wakitaka amotisere mpya ili gari "linyanyuke", na ukiwaeleza wanakutazama kama mwizi.

Jambo la pili: zinabadilishwa mbili pamoja, hata kama moja bado inapumua. La tatu, ambalo hata leo naona mnalikosea: zile bolti zinazopita kwenye mipira ya chini usizikaze gari likiwa linaning'inia. Teremsha gari chini kwanza, likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. Ukikaza magurudumu yakiwa hewani, mpira unajinyonga gari likishuka, na baada ya wiki chache mteja anarudi na kelele mpya, tena hiyo umeitengeneza wewe.

Sasa niwaeleze nilivyojiaibisha, msije mkadhani nilizaliwa nayajua haya. Kulikuwa na Mama Kavira, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye malori mawili ya kwenda Mokambo mpakani na kagari kadogo alikokaendesha mwenyewe kwenda depo na kanisani. Kale kagari kakawa kanagonga nyuma, akakaleta nyumbani kwangu, nilikokuwa nikitengeneza magari ya watu baada ya kazi ya kampuni. Ko, ko-ko. Nikachungulia chini, nikaona amotisere moja inavuja, nikafurahi kama niliyeokota almasi. Nikabadilisha zote mbili. Kelele ikabaki. Nikabadilisha mipira. Ikabaki. Nikashusha ekseli nzima, nikaipangusa, nikairudisha. Siku tatu. Siku ya nne Mama Kavira alifungua kofri mwenyewe, pale nyuma pa kuwekea mizigo, apakie katoni la sabuni. Akainama, akatoa kriki ya kuinulia gari iliyokuwa imelegea kwenye kishikio chake, akanionyesha.

"Fundi," akasema, "na hii ni amotisere ya ngapi?"

Jumapili ile pasta wake alihubiri juu ya mtu atafutaye mbali kilicho karibu. Jina langu hakulitaja, lakini kanisa zima liligeuka kutazama dirishani, upande wa nyumba yangu. Tangu hapo nikajiwekea sheria: kabla ya kushika ufunguo, yaani spana, mwaga kila kitu kilichomo kwenye kofri. Kila kitu.

Miaka ikapita, na nchi nayo ikalegea bolti. Kampuni ikasimama. Karakana yetu ikafungwa, na siku moja tukakuta hata milango yake imeondoka. Sisi mafundi tukatawanyika na funguo zetu mifukoni. Mimi nikafungua garaji nyumbani, ndani ya lupango langu, yaani uani kwangu, kati ya mti wa avoka na jiko la mke wangu. Kisha vita ikaanza kuja kutoka mashariki. Kila asubuhi redio ilitangaza kwamba jeshi letu limeshinda, na kila jioni jeshi lililoshinda lilizidi kuingia mjini kwa miguu, wengine bila viatu.

Askari hao waliweka vizuizi kila njia inayotoka mjini, na kwa kupekua walikuwa na sayansi yao. Hawakutazama karatasi wala sura ya mtu. Walitazama matako ya gari. Gari lililokaa chini nyuma lina mali ndani, lisimamishwe. Gari lililosimama juu ni la maskini, lipite. Basi ghafla matajiri wote wa Lubumbashi wakataka waonekane maskini kwa nyuma. Sijapata kuwa na wateja wengi namna ile. Nilikuwa nachukua resori za kamioneti, yaani lori dogo, nazikata kipande kidogo zienee, naziwekea amotisere za pikapu, ngumu, maana resori ngumu yenye amotisere laini inakurusha barabarani kama mbuzi. Gari likiwa tupu lilikuwa linang'oa meno. Likijazwa mizigo, linasimama wima na sura ya unyonge.

Ndipo akaja Shefu Kasongo.

Shefu Kasongo alikuwa mkuu wa ofisi moja ambako karatasi za shule zilipelekwa kupigwa muhuri. Bila muhuri wake diploma ilikuwa picha tu. Lakini kwa muda wa miezi minane ofisi yake haikupiga muhuri hata mmoja. Ukienda, unaambiwa mihuri imepelekwa mji mkuu kutengenezwa. Mbao na mpira, imepelekwa umbali wote ule kutengenezwa! Watu walikuwa wanapanga foleni asubuhi, wanaambiwa hivyo, wanarudi. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Kasapa, walimu wazee, wajane wa walimu wazee.

Katika foleni ile alikuwemo binti yangu Odile. Alikuwa amemaliza shule ya uuguzi, na dispensari moja kwenye njia ya Kinsevere ilimhitaji, ila walimwambia alete diploma yenye muhuri. Alikwenda ofisini mara nyingi hata mlinzi akawa anamsalimu kwa jina. Kila alipokwenda alipiga pasi ile blauzi yake nyeupe. Sikupenda kumwona akirudi. Alikuwa anaivua, anaikunja taratibu, anaiweka tayari kwa wiki ijayo.

Shefu Kasongo aliingiza gari lupangoni asubuhi, kagari kadogo ka rangi ya kijivu, kamekaa chini nyuma mpaka eksozi inachora ardhi.

"Fundi, mi niko na haraka," akasema kabla hajashuka. "Unyanyulie miye hii motoka. Na tena iko na kelele kule nyuma, ta-ka-ta-ka, baaskari batasikia."

"Ndiyo, Shefu. Tutoe kwanza bintu byote mu kofri."

"Kofri haifunguke."

"Ufunguo umepotea?"

"Ufunguo uko. Kofri haifunguke. Iko mambo ya Serikali."

Nikamwambia sheria yangu. Akaniambia ya kwake: angesimama mkono juu ya kofri mpaka nimalize. Na kweli akasimama, kravati shingoni, jasho linamtoka, kama mlinzi wa benki.

Basi nikafanya kazi kwa masikio. Nilikandamiza kona: gari likacheza mara nne, tano. Amotisere zimekufa, hilo halina mjadala. Lakini mtu aliyekufa hapigi kelele, na Mama Kavira alikuwa amenifundisha. Nikamwomba Shefu aendeshe polepole mpaka kwenye bomba la maji na kurudi, mimi nimelala kiti cha nyuma, sikio kwenye kitambaa. Sikilizeni vizuri hapa, vijana. Amotisere mbovu inagonga mara moja kwa kila shimo: gurudumu linashuka, ko, basi. Hii ilikuwa inagonga shimo likishapita, mara mbili, mara tatu, nyepesi. Mbao juu ya bati. Hicho ni kitu kisichofungwa na kitu chochote.

"Resori zimelala, na amotisere zimekwisha," nikamwambia tuliporudi. Sikumwambia zaidi.

Nikaweka gari juu ya magogo, nikang'oa magurudumu ya nyuma, nikafungua amotisere kwa chini. Kwa juu sasa, katika vigari vile, bolti ya amotisere imejificha ndani, nyuma ya ubao wa pembeni wa kiti. Lazima ung'oe kiti. Hiyo si hila yangu, ndivyo vilivyoundwa. Wakati huohuo mke wangu, Mama Odile, alimletea Shefu chai na mikate, akamwekea kiti kivulini. Mtu amesimama juani tangu asubuhi, atakataaje? Alikwenda kunywa chai, jicho kwenye kofri. Hakujua kwamba kwenye vigari vile kiti cha nyuma kikishatoka, kofri haina tena siri.

Nikakiondoa. Vitasa vya milango, kumi na kitu, vimefungwa kwenye bendera. Simu mbili za mezani na waya zake. Saa ya ukutani. Mashine ya kuandikia. Na bati la biskuti, kubwa, limelegea kati ya simu na ukuta wa gari. Nikalitikisa. Ta-ka-ta-ka.

Nikafungua. Mihuri ilikuwa humo, yote, mishikio ya mbao imeng'aa kwa kushikwa, pamoja na kidau cha wino. Ule mkubwa wa duara ulikuwa na kichwa cha chui, nembo ya nchi yetu enzi hizo.

Nilikaa pale ndani ya gari, magoti kifuani. Niliiona ile blauzi nyeupe ikikunjwa. Ningeweza kuutia muhuri kwenye diploma ya Odile mara moja, tap, nikarudisha bati, hakuna ambaye angejua. Mkono ulikuwa umekwisha kushika mshikio. Nikasikia aibu. Sijui kwa nini. Mwizi alikuwa mwingine, aibu nikaona mimi. Nikatoka na bati lenyewe, nikaliweka juu ya boneti.

"Shefu," nikasema, "kelele nimeipata."

Chai ilimwagika kwenye suruali. "Rudisha kile kintu! Miye niko Serikali!"

Mama Odile alikuwa anachambua mboga ya lengalenga mlangoni pa jiko. Akainua kichwa, akaona bati, akaona mihuri, akaelewa yote kabla sijafungua mdomo. Akamjibu kwa heshima kabisa:

"Ndiyo, njo vile, Serikali. Karibu. Kiti iko, meza iko. Bantu banakungojea tangu mwaka jana."

Akafunga kitenge vizuri, akatoka nje ya lupango. Sasa, Mama Odile wangu hakuwa mtu wa siri. Chai iliyobaki haikuwahi kupoa, watu wakaanza kuingia na makaratasi. Kwanza majirani. Kisha majirani wa majirani. Kisha foleni nzima ya ofisini ilihamia kwangu, ikapita kwenye geti, ikazunguka mti wa avoka, ikatokea barabarani.

"Fundi, rudisha magurudumu, niende," Shefu akaninong'oneza.

"Shefu, gari haina miguu ya nyuma. Kazi ya amotisere haikimbizwe. Lakini wewe ukifanya yako, na mimi nitafanya yangu."

Alitazama lile geti na watu waliojaa, akatazama gari lake juu ya magogo. Akakaa. Akauchukua muhuri kama anayeshika nyoka, akaipiga karatasi ya kwanza, ya mwalimu mmoja mzee, juu ya boneti.

Ya kwanza aliipiga kwa hasira. Ya pili na ya tatu pia. Kufikia ya kumi nikaona ananyoosha kravati. Ya ishirini, akaanza kupanga foleni: "Moja moja! Wee mwenye kofia, nyuma!" Baadaye akaanza hata kusoma karatasi kabla ya kupiga. Kuna mzee mmoja alimrudisha kwa sababu picha ilikosekana. "Sheria ni sheria," akamwambia, mtu aliyebeba vitasa vya milango ya ofisi ndani ya bendera ya taifa! Mzee akakimbia kutafuta picha, tena akamshukuru. Nilikuwa chini ya gari nikacheka mpaka ufunguo ukanidondokea kifuani. Ofisi ile haikuwahi kufanya kazi vizuri namna ile tangu ijengwe.

Odile alisimama kwenye foleni kama wengine. Hakutaka apitishwe mbele. Zamu yake ilipofika, Shefu akamtazama.

"Weye nakujua. Ulikuwa unakuyaka ofisini."

"Ndiyo, Shefu. Kila wiki."

Akaivuta diploma. Akapiga muhuri polepole, katikati kabisa, akapuliza wino ukauke. Kisha akaitazama foleni iliyobaki, akasema kwa sauti ndogo, si kwa Odile wala kwangu, "Nilizania ni makaratasi tu."

Foleni ikaisha, na kazi yangu nayo ikabaki kukaza tu: resori za kamioneti na amotisere za pikapu zilikuwa tayari mahali pake. Jirani mmoja alikuja akachuchumaa karibu nami. "Baba Odile, bolti moja, uiache ilegee kidogo. Aanguke kule mbele." Nisiwadanganye, niliifikiria. Alikuwa ametunyima mkate wa watoto wetu miezi minane. Lakini nikateremsha gari chini, likakaa kwa uzito wake, nikalala tena chali, nikakaza bolti zote nne mpaka mwisho. Ningeacha moja, kesho yake ningelala vipi chini ya gari la mtu mwingine? Bati la biskuti nikalifunga kwa kamba ya mpira. Halikulia tena. Akaondoka bila kuaga, nyuma ya gari imenyanyuka kama ya maskini wa kweli.

Habari zake alizileta Mama Kavira, ambaye lori lake lilikuwa linarudi kutoka Mokambo likamkuta njiani. Alikuwa anacheka hata hawezi kuketi. Kazi yangu ilikuwa nzuri kupita kiasi. Askari wa kizuizi cha kwanza waliona gari limesimama juu nyuma, wakasema, hili ni tupu. Na kwa kuwa ni tupu na wao wenyewe walikuwa wanakimbia, wakapanda. Wanne, na bunduki, na kuku wawili. Resori hazikulalamika. Kila kizuizi walichofika, wenzao waliona bado limesimama juu, wakataka kupanda pia.

"Mmoja alikuwa anakaa juu ya boneti, fundi!" Mama Kavira akasema. "Shefu anashika tu usukani, machozi inatoka. Serikali yote na jeshi yote mu kagari kamoja!"

Walifika mpakani salama. Baada ya hapo sijui habari zake.

Siku chache baadaye mji ukaingiwa na wale wengine waliotoka mashariki, vijana waliovaa buti za mpira, na tukatangaziwa kwamba nchi imebadilika jina. Bendera ikabadilika. Yule chui naye akaondolewa. Odile aliketi kitandani na diploma yake mapajani, muhuri katikati, wino wake bado mweusi kabisa, wa nchi ambayo haipo. Nilimwona analia kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze. Mimi nikatoka nje kupanga funguo zangu. Kazi yangu ni chuma.

Mama yake ndiye aliyemwambia, "Inuka. Wende vile vile."

Nilimsindikiza kwa baiskeli, kwenye ile njia ya Kinsevere. Dispensarini tulikuta kina mama wamelala mpaka barazani. Wauguzi wawili walikuwa wamekimbia, na daktari pia. Alibaki mkunga mmoja mzee, mikono mpaka kwenye viwiko imelowa. Odile akamnyooshea diploma kwa mikono miwili, akaanza kumweleza habari ya muhuri, kwamba ni wa zamani, lakini ulipigwa na shefu mwenyewe.

Mkunga hakuitazama. "Unajua kutia serumu mshipani?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi nawa mikono."

Nilimngoja nje mpaka jua likaanza kushuka. Alitoka amejaa madoa kwenye ile blauzi nyeupe, anatembea kama mtu aliyebeba magunia, na uso umefunguka. Akaniambia wamezaliwa watoto watatu, wote wazima, na mama mmoja tu ndiye anayetia wasiwasi.

"Na diploma iko wapi?" nikamuuliza.

Akafikiri kidogo. Meza ilikuwa inaungua, akasema, wakahitaji kitu cha kuweka chini ya sufuria moto ya kuchemshia sindano.